Namna ya Kukumbushana Katuni za Zamani Barazani

Kikao cha kukumbushana katuni za zamani kinafaa kuwekwa baada ya sala ya Isha, wakati ambapo watu wa Lamu wamezoea kuketi kwenye baraza za mawe nje ya nyumba zao na hakuna anayeharakishwa na kazi. Andaa kahawa chungu na halwa, kisha alika watu wa marika tofauti, kwa kuwa wa rika moja huafikiana upesi mno.

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Ukiuliza mtu alipenda katuni gani, atakutajia jina na kunyamaza. Muulize badala yake ni kituko gani kinachomchekesha hadi leo, alikitazamia ukumbini kwa nani, na nani alikuwa akigombania nafasi ya mbele kwenye mkeka. Hapo hata mzee aliyesema kwamba hayo ni mambo ya watoto ataanza kusimulia.

Usimwache msimulizi aeleze kwa maneno matupu, bali mwombe asimame aigize. Tom na Jerry, paka na panya ambao William Hanna na Joseph Barbera waliwaanzisha mwaka 1940 katika studio ya filamu ya MGM huko Marekani, hawasemi sana. Muziki wa Scott Bradley ndio uliofuatisha kila hatua na kila anguko, na ndiyo sababu mtoto asiyejua neno la Kiingereza alicheka sawasawa na anayelijua. Kwa mji uliojaa paka kama Lamu, mwigizaji hakosi wa kumwiga.

Popeye naye apewe nafasi yake. Baharia huyu alitokea kwanza katika michoro ya gazeti ya E. C. Segar mwaka 1929, akaingia kwenye filamu mwaka 1933, na nguvu zake hutoka katika kopo la mboga. Wakiwapo manahodha na wavuvi, waulize kama wangempa kazi chomboni. Kwa maoni yangu, mjadala huo hupendeza kuliko katuni yenyewe.

Mabishano ya miaka na majina yatazuka. Mtu mmoja ayaandike ili yatafutwe baadaye, maana simu ikitolewa katikati ya masimulizi, kila mmoja huinamia ya kwake. Aliyekosea asahihishwe kwa upole: hata Tom mwenyewe aliitwa Jasper katika filamu yake ya kwanza.

Mwishoni onyesha kipande kimoja tu. Vingi vya zamani ni vya dakika saba hivi. Kitazame mwenyewe kabla ya siku hiyo, kwa sababu baadhi ya katuni za miaka ya 1940 ziliwachora watu weusi kwa kejeli. Ukiona kipande cha namna hiyo, chagua kingine, au ukionyeshe mbele ya vijana wakubwa pamoja na mtu mzima atakayewaeleza Marekani ya wakati ule ilivyokuwa.