Jinsi ya kuchunguza kama kozi yako ya mtandaoni inawafikia wanafunzi walio mbali

Tasnifu nyingi kuhusu ufundishaji wa mtandaoni tunazoletewa kusimamia hapa Moshi zinaanzia na kuishia kwenye dodoso la mitazamo. Mwanafunzi anaulizwa kama mfumo ni rahisi kutumia, anaweka tiki kwenye "nakubali sana", asilimia zinachorwa, kazi inafungwa. Aliyelijibu dodoso ni yule aliyefanikiwa kuingia mtandaoni. Aliyepotea tangu wiki ya tatu hakuliona kabisa, na ndiye tuliyemhitaji kuliko wote.

Mwongozo huu ni kwa mhadhiri au mwanafunzi wa uzamili mwenye kozi moja na muhula mmoja, asiye na ruzuku ya utafiti.

Hatua ya 1: Achana na swali la "ipi bora"

Swali la kama mtandao unashinda darasa limeulizwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1983 Richard Clark, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba chombo kinachobeba somo hakiongezi ujifunzaji, kama vile lori linaloleta chakula dukani lisivyobadili lishe ya mlaji. Kwake, la maana ni jinsi somo lilivyopangwa. Mtafiti mwingine, Robert Kozma, alimpinga, na ubishi huo bado una watu wake pande zote mbili. Mwaka 2009 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja. Waliochanganya mtandao na ana kwa ana walifanya vizuri kidogo kuliko wa darasani pekee, lakini waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba mara nyingi makundi hayo yalipata pia muda zaidi wa kujifunza. Hapo huwezi kujua kilichosaidia ni nini.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Mwanafunzi wa masafa ni mwalimu wa shule ya msingi Rombo, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Same au muuguzi Karatu, mwenye kazi na watoto. Wa darasani anakaa hosteli. Ukilinganisha alama zao unakuwa umelinganisha maisha yao.

Chukua swali dogo ambalo jibu lake litakufanya ubadilishe kitu muhula ujao. Mfano: wanafunzi wangu wanaachia wapi, na kwa nini hapo?

Hatua ya 2: Kibali na ridhaa

Rekodi za mwanafunzi kwenye mfumo ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Peleka andiko lako kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo kabla hujapakua chochote, hata kama mfumo unakuruhusu kupakua leo.

Jambo moja nalisisitiza sana: anayesahihisha mitihani asiwe ndiye anayeomba ridhaa. Mwanafunzi wetu hamkatalii mwalimu wake. Mwombe mwenzako wa idara nyingine akusanye ridhaa, abadilishe majina kuwa namba, na akae na orodha ya majina mpaka matokeo ya muhula yatoke.

Hatua ya 3: Pakua kumbukumbu za mfumo

Vyuo vingi vinatumia Moodle, programu huria ya kuendeshea kozi mtandaoni ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Ukiwa mwalimu wa kozi, fungua ripoti za kozi, ingia kwenye kumbukumbu za matukio, chagua washiriki wote na siku zote, kisha pakua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ulifungue kwenye Excel. Kamati ikitaka hata wewe usione majina, msimamizi wa mfumo ampe faili mwenzako kwanza. Fanya hivi muhula unapoisha, na muulize msimamizi kama mfumo umewekwa kufuta kumbukumbu za zamani.

Kila mstari ni tukio moja: saa, mtu, alichofungua, alichofanya. Usiipite safu ya chanzo. Ikiandikwa "web" mtu ameingia kwa kivinjari, ikiandikwa "ws" kwa kawaida ametumia programu ya simu.

Sasa tengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mwanafunzi na safu moja kwa kila wiki. Weka 1 kama ana tukio lolote wiki hiyo, 0 kama hana. Lipange kwa wiki ya mwisho kuonekana. Ukiona wengi wanakatika wiki moja, rudi kwenye kozi uangalie uliwapa nini wiki hiyo.

Hatua ya 4: Usiiamini kumbukumbu kupita inachojua

Moodle inarekodi mibofyo, haihesabu muda wa kusoma. Mtu akifungua somo saa mbili na jaribio saa tatu, huna ushahidi kwamba alisoma saa nzima. Huenda alikuwa jikoni. Anayepakua PDF na kuisoma kwenye daladala ya kwenda Mwanga haonekani akisoma. Halafu kuna WhatsApp: mwenye bando anapakua, anatupia kwenye grupu la darasa, na kumbukumbu inaonyesha msomaji mmoja mahali walipo thelathini.

Kwa hiyo sufuri kwenye jedwali ni swali. Wanaoiandika kama "ushiriki mdogo wa wanafunzi" kwenye sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo, wanawaonea watu.

Hatua ya 5: Wapigie waliopotea

Hapa ndipo utafiti wenyewe ulipo, na ndipo wengi wanaruka.

Gawa wanafunzi makundi matatu: hawakuingia kabisa, walianza wakakatika, walimaliza. Chagua wachache kwa bahati nasibu kutoka kila kundi. Waliomaliza usiwaache, kwa sababu bila wao hutajua kama shida uliyoisikia ni ya waliokatika peke yao. Apige yule mwenzako asiyesahihisha, jioni au Jumapili mchana. Kama mtawatumia salio la shukrani, liwe kwenye kibali.

Usiulize "Je, ulikuwa na tatizo la mtandao?" Utajibiwa ndiyo na kila mtu, maana ni jibu la heshima lisilomgombanisha na mtu. Uliza hivi: "Hebu nikumbushe mara ya mwisho ulipofungua kozi. Ulikuwa wapi, kwa simu ya nani, ulitaka kufanya nini?" Kisha nyamaza.

Mazungumzo ya namna hiyo huenda hivi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sikupigii kwa ajili ya alama, wala majina hayafiki kwa mwalimu wako."

"Haya mwalimu. Kwa kweli somo nilikuwa nalipata, PDF zote ziko kwenye grupu. Shida lile jaribio la nusu saa. Huku Tarakea mtandao ukikata katikati, ukirudi unakuta limeshajifunga. Nikaona basi."

Kwenye jedwali mtu huyu ni sufuri kuanzia wiki ya tano. Kumbe amesoma kila kitu. Kilichomtoa ni mpangilio wa jaribio ambao mhadhiri anaubadilisha kwa dakika mbili.

Uliza pia kuhusu karatasi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, kilijengwa juu ya vitabu vilivyochapwa na vituo vya mikoa. Mtu akikuambia alikwenda stationery kuchapa moduli nzima, andika alilipa kiasi gani. Hiyo ni gharama ya kozi yako, japo haimo kwenye ada.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja, upime tena

Kimoja tu. Kama tatizo ni jaribio, lifungue kwa saa 48 bila kikomo cha dakika, masomo yabaki yalivyokuwa. Kama ni bando, toa sauti badala ya video: saa moja ya mazungumzo kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni takriban MB 14, wakati video ya saa moja hufika mamia ya MB. Muhula unaofuata tengeneza jedwali lilelile, piga simu kwa utaratibu uleule.

Kundi moja bila kundi la kulinganisha halithibitishi sababu, na mwaka huu unaweza kuwa na wanafunzi tofauti na wa mwaka jana. Liandike hilo wazi. Ukiwa na mikondo miwili ya kozi moja, mpe mmoja badiliko mapema na mwingine baadaye, ili asikose mtu.

Hatua ya 7: Andika ripoti mbili

Ya jarida itachukua muda wake. Ya pili iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili: wiki waliyokatika, sababu walizotaja, ulichobadilisha, kilichotokea. Mpe mkuu wa idara kabla ratiba ya muhula haijapitishwa, na uitume kwenye grupu la wanafunzi. Waliopigiwa simu na hawamo tena kwenye grupu watumiwe kwa SMS.