Kabla hujanunua baiskeli ya kwendea kazini Dar

Kutoka Magomeni hadi Posta ni kilomita nne au tano, kutegemea unaanzia mtaa gani na unaishia jengo gani. Kwa mwendo wa kawaida, kilomita 12 hadi 15 kwa saa, hiyo ni safari ya dakika 20 hivi bila kujitesa. Kwa umbali kama huo, na hata mara mbili yake, baiskeli inaingia akilini kabisa. Kinachowashinda wengi si kupiga pedali. Baada ya miezi michache baiskeli inalala ukumbini tairi likiwa halina upepo, kwa sababu tyubu yake haipatikani mtaani na fundi wa jirani hajawahi kuifungua baiskeli ya aina ile. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na njia, kisha fundi, na duka liwe la mwisho.

Njia ipitie mara mbili. Jumapili asubuhi ipite ukiwa na nafasi, hata kwa baiskeli ya kuazima, ili uone barabara yenyewe. Halafu ipite siku ya kazi saa moja asubuhi, uone watu. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kubeba abiria mwaka 2016, iliwekewa pembeni njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Zipo. Ila Jumatatu asubuhi utakuta humo meza ya matunda, bodaboda zinazosubiri abiria, na watu wanaotoka kituoni ambao hawana habari kabisa kwamba pale ni pa baiskeli, nao huwezi kuwalaumu. Hesabu ni mara ngapi utashuka ukaikokota. Angalia wapi mfuniko wa mtaro umeondoka. Tafuta mitaa ya ndani inayokwenda sambamba na barabara kubwa, maana mara nyingi dakika tano za kuzunguka zinakuepusha na malori.

Njia hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini. Ukiwa Ilala, Kariakoo, Upanga au Magomeni, ardhi ni tambarare na gia moja inatosha. Ukiwa Kimara ni habari nyingine: asubuhi unateremka kwa raha hadi Ubungo, jioni unaupanda mlima huohuo ukiwa umechoka na jua bado linakutazama usoni. Hapo gia utazihitaji. Ukiwa Kigamboni au Mbagala ndani, kwenye mitaa ya mchanga, tairi jembamba litakushusha kila baada ya nyumba tatu, chukua pana. Na kama unapita Jangwani, ujue mapema kwamba masika ya mvua kubwa mto Msimbazi hufurika, barabara hufungwa, hata mwendokasi husimama. Siku hiyo panga usafiri mwingine au zunguka mbali. Usiingize baiskeli kwenye maji ambayo huoni chini yake.

Sokoni utakutana na makundi matatu makubwa. Kuna zile ndefu za chuma za jina la Phoenix, Avon au Hero, zenye breki za fito (vyuma vyembamba badala ya waya) na karia la kubebea gunia. Ni nzito, lakini hazifi, na karibu kila fundi mwenye mvi amejifunzia kazi kwazo. Kuna za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, bomba la chini linalokuruhusu kupanda ukiwa na sketi au kanzu, madigadi, kava la cheni na stendi ya miguu miwili. Kisha kuna mpya za kwenye boksi, zenye gia 18 au 21 na springi mbele na nyuma, zinazovutia macho kuliko zote. Kwa safari fupi ya mjini ningechukua ya Kijapani bila kusitasita. Springi za bei nafuu hunyonya nguvu ya mguu kila ukikanyaga, zinaongeza uzito, na baiskeli isiyo na madigadi itakuchora mstari wa tope mgongoni kabla hujafika ofisini.

Sasa suala la tairi, ambalo wauzaji wengi hulipita haraka. Muuzaji atakuambia "hii ni 26" na wewe utaamini kwamba 26 zote ni ndugu. Si kweli. Tazama namba ndogo iliyochongwa ubavuni mwa tairi, yenye kistari katikati. Baiskeli ya Kijapani ya inchi 26 huandikwa 26 x 1 3/8, na karibu yake 37-590. Ya milimani ya inchi 26 huandikwa 26 x 1.95, na karibu yake 50-559. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Tofauti ya 590 na 559 ni milimita 31, yaani tairi la moja haliingii kwenye nyingine hata ulivute na watu wanne. Hali ni hiyohiyo kwa 28: Phoenix na wenzake huwa 635, wakati 28 ya kisasa ni 622. Andika namba ya pili kwenye simu yako kabla hujalipa, kisha nenda kwenye maduka mawili ya spea yaliyo karibu na nyumbani au kazini ukaulize kama wana tairi na tyubu zake. Wakikuuliza "hiyo ni namba gani?" na kuanza kukuletea za aina nyingine, umeshapata jibu.

Angalia na valvu, pale pa kujazia upepo. Za Kijapani na zile ndefu za chuma mara nyingi hutumia valvu yenye kimpira chembamba ndani, ambacho huchakaa na kuvujisha upepo polepole. Watu hulipia kuzibiwa pancha ambayo haipo. Vimpira hivyo ni vya bei ya pipi, nunua kadhaa uviweke kwenye pochi. Kama valvu ni nene kama ya gari, utajaza upepo popote, hata kituo cha mafuta, ila kwa uangalifu maana mashine ile inaweza kupasua tyubu.

Fundi ndiye unayemwoa kwa miaka, kwa hiyo mtafute mapema. Pita anapofanyia kazi, kaa kidogo kwenye benchi, tazama mikono. Akifungua kitovu cha gurudumu, goroli anaziweka wapi? Fundi makini ana kopo au kifuniko chenye mafuta ya taa, anaziosha, anazihesabu, anaweka grisi mpya. Kwenye baiskeli nyingi gurudumu la mbele hubeba goroli kumi kila upande na la nyuma tisa. Yule anayezimwaga mchangani, akarudisha pungufu na kusema haina neno, mshukuru uendelee na safari. Mwulize pia ni baiskeli za aina gani anazotengeneza kwa wingi pale mtaani. Zile za Kijapani za gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha nyuma ni nzuri sana kwa sababu vumbi na mvua haviingii kirahisi, lakini si kila fundi amewahi kukifungua kitovu hicho.

Unaweza kumchukua fundi huyo akusindikize kununua. Mlipe siku yake kabla ya kuondoka, na duka uchague wewe. Fundi anayekupeleka moja kwa moja "kwa jamaa yangu mmoja hivi" huenda ana cha juu chake pale, na hicho cha juu kinatoka mfukoni mwako.

Duka la kuaminika halitambuliki kwa ukubwa wala kwa vioo. Kariakoo kuna uchaguzi mpana na bei ya kupigania. Duka la mtaani lina machache, ila mwenyewe utamkuta kesho. Kwangu mimi maswali ya dukani ni mawili. Naweza kuiendesha kwanza? Muuzaji anayekataa hata ukimwachia hela ya dhamana au mwenzako abaki pale, anajua kitu ambacho wewe hujui. Na baada ya wiki mbili nikirudi spoku zimelegea, mtazikaza? Gurudumu jipya hulegea mwanzoni, ni kawaida yake, na duka linaloelewa biashara litakujibu kabla hujamaliza swali. Umpate muuzaji asubuhi, kabla ya msongamano. Saa kumi jioni hana muda na wewe, na jua la Kariakoo litakufanya ukubali chochote.

Ukaguzi wenyewe fanya kwa mkono. Pitisha kidole chini ya fremu, nyuma kidogo ya pale usukani unapoingia. Rangi ikiwa imekunjamana, au ukigusa ufa mwembamba kama unywele, baiskeli hiyo imegonga kitu kwa mbele. Iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Geuza baiskeli uone chini, kwenye makutano ya pedali, ambako kutu hupenda kukaa. Kutu ya juujuu si neno, ya kumomonyoka ni neno kubwa. Inua gurudumu ulizungushe huku ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki: ikiyumba kidogo fundi atainyoosha, ikigusa huku na kule kila mzunguko, shusha bei au ondoka. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia chuma kikigonga, beringi za usukani zimelegea au zimeisha.

Cheni ipime kwa rula. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 inapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha na huenda imeshakula meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo utanunua vyote viwili. Matairi ya mtumba yanaweza kuwa na mistari yenye kina kizuri na bado yakawa mabovu. Yakunje ubavuni, ukiona nyufa nyufa hesabu bei ya jozi mpya humo humo.

Breki ya nyuma ya baiskeli nyingi za Kijapani ni ya mkanda, nayo hulia kelele mtaa mzima uamke. Wapo wanaoitia mafuta ili inyamaze. Inanyamaza kweli, na haishiki tena. Ukiikuta imeloa mafuta, dai ibadilishwe kabla ya kulipa. Jaribu pia mkono upi unashika gurudumu lipi, maana za Kijapani huwa na breki ya mbele mkono wa kulia na nyingine huwa kinyume. Ni jambo la kulijua dukani, si mbele ya bajaji.

Kwa mpya za kwenye boksi hofu ni nyingine: zinafungwa harakaharaka na kijana mwenye spana moja. Tazama foku, ile miguu miwili ya mbele. Mkunjo wake uelekee mbele na breki iwe upande wa mbele. Zimo zilizofungwa kinyume na zinauzwa hivyohivyo. Pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, na kijana asiyejua hiyo huilazimisha hadi akaua nyuzi, ile mistari ya kukazia, za mkono wa pedali. Ikikaa imepinda, usikubali "itakaa sawa ukiiendesha".

Urefu ni jambo fupi. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukilazimika kuvuta nguzo ya siti kupita alama yake ya mwisho, baiskeli hiyo ni ndogo kwako.

Ukishakubaliana bei, dai risiti na hakikisha imeandikwa namba ya fremu, ile iliyochongwa chini ya makutano ya pedali au kwenye bomba la siti. Ipige picha. Baiskeli ambayo namba yake imesuguliwa kwa tupa usiiguse, kwa kuwa siku mwenyewe akiitambua, wa kujieleza polisi ni wewe.

Kabla ya kumaliza hela yote kwenye baiskeli, tenga fungu la mnyororo na kufuli. Lile kufuli la duara linalokuja na za Kijapani linazuia gurudumu lisizunguke tu; mwizi anaiinua begani anaondoka nayo. Unahitaji mnyororo wa kuifunga kwenye kitu kisichong'oka, ukipita kwenye fremu na siyo gurudumu peke yake. Nenda kazini kwako ukaongee na mlinzi kabla hujanunua. Majengo mengine ya mjini hayaruhusu baiskeli kuingia getini, na hili halitatuliwi na ubora wa baiskeli. Ulizia pia pa kubadilishia shati, kwa unyevunyevu huu wa pwani. Begi lifunge kwenye karia, mgongo upate hewa.

Taa ni lazima hata kama unatoka ofisini mapema. Dar jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Dainamo ya taa inayosugua tairi ni nzuri ila huteleza mvua ikinyesha; ongeza taa ya kuchaji, nyekundu nyuma, na uzivue ukiegesha. Kofia ngumu nunua mpya, kwa sababu ya mtumba huwezi kujua ilishaanguka na nani.

Wiki ya kwanza usiende nayo kazini kila siku. Iendeshe jioni mtaani, uzizoee breki, na usikilize kinachogonga. Kaza nati za magurudumu, za usukani na mikono ya pedali baada ya siku chache. Wiki ya pili ikiisha, irudishe dukani kwa ajili ya zile spoku, na uende na risiti.