Kuchagua tochi ya kichwa ya kupandia mlima bila kuuza mbuzi

Tochi yangu ya kwanza ya kichwa niliinunua Moshi mjini kwa shilingi 15,000. Kwenye boksi waliandika lumeni 20,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Muuzaji akaiwasha mchana kweupe, ikamulika hadi ukuta wa ng'ambo ya barabara, nikalipa bila hata kuomba kupunguziwa. Siku chache baadaye nilikuwa mgumu, yaani mpagazi, kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, nikaombwa nisaidie kusindikiza wageni kileleni. Tuliondoka Kibo Hut, kambi ya mwisho, saa sita usiku. Hatujafika Pango la Hans Meyer, mita 5,150, tochi ikaanza kufifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta, kisha ikazima kabisa. Kutoka hapo mpaka Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, nilipanda kwa kufuata visigino vya mama mmoja wa Kijerumani. Yaani mimi ndiye niliyelipwa kumsaidia yeye!

Ndiyo maana siku hizi, nikiingia dukani, cha kwanza nafungua mlango wa betri.

Za bei nafuu ziko za namna mbili. Kuna zinazotumia betri tatu za AAA, zile za rimoti, na kuna za kuchaji kwa waya wa USB. Kwa safari ya siku tano au sita porini mimi bado napendelea za rimoti, kwa sababu betri ya akiba unaibeba mfukoni na kuibadilisha kwa dakika moja. Ya kuchaji ni nzuri na haikutoi hela kila safari, ila ubebe pawabanki, na usiichaji ikiwa imeganda: betri ya lithiamu ya kuchaji huharibika ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri. Ipashe kwanza ndani ya begi la kulalia. Zipo pia zinazokubali vyote viwili, pakiti ya kuchaji au betri za rimoti, kama Petzl Tikka. Ukiipata hiyo kwa bei unayoiweza, usiende duka la pili.

Baridi ndiyo adui. Betri za kawaida za alkalini zinanyong'onyea zikipoa, hata kama ni mpya. Betri za lithiamu zisizochajiwa zinavumilia mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, na ni nyepesi zaidi. Ni ghali, kwa hiyo mimi natumia alkalini siku zote za kambini, nazihifadhi lithiamu kwa usiku wa samiti tu, ule wa kupanda kileleni. Kwanza soma karatasi ya tochi yako, maana baadhi hazizitaki.

Kuhusu lumeni, usibabaike. Kambini, kupika au kutafuta choo, 30 zinatosha. Njiani usiku, 100 hadi 200 ni nyingi. Mwezi ukiwa mpevu kuna mahali tunazima kabisa. Ukiona maelfu na maelfu kwenye tochi ya bei ya chee, cheka uondoke. Vivyo hivyo zile betri nene za kuchaji, seli za 18650, zilizoandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha chaji inachobeba: seli halisi ya ukubwa huo kwa kawaida inaishia kwenye 3,500 hivi. Nyingine ukiipima inakuwa nyepesi mno. Ya kweli ina gramu 45 au zaidi kidogo.

Hata saa zilizoandikwa na makampuni makini uzisome kwa jicho la mnunuzi wa ng'ombe. Wengi hupima mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa za mwisho hizo unamulika soksi zako.

Dukani vaa glovu nene, ujaribu kuiwasha. Swichi ikikushinda hapo, kule juu vidole vikiwa vimekufa ganzi itakushinda zaidi. Itikise: ikipepesa, springi zake ni mbovu. Inamishe mara kumi uone kama kichwa kinabaki pale ulipokiweka. Tafuta alama ya IPX4 angalau, inatosha kwa mvua ya msituni. Taa nyekundu si urembo. Inakuwezesha kuvaa viatu hemani bila kumpofusha mwenzako.

Ukishanunua, usiipeleke mlimani bila mtihani. Mimi huwa naifunga kwenye mfuko wa plastiki, naiweka usiku mzima kwenye friza la jirani anayeuza samaki, asubuhi naiwasha nikiangalia saa. Ikitoa mwanga mzuri kwa saa saba tangu itoke humo, inatosha kunifikisha asubuhi. (Jirani alidhani naifanyia uganga. Sasa hivi ananiuliza ipi anunulie mwanawe.)

Ukiipakia, toa betri moja au legeza kifuniko, isije ikajiwasha ndani ya begi. Usiku wa samiti betri za akiba zikae kifuani, si kwenye mfuko wa nje wa begi.

Yangu ya sasa niliipata mtumba sokoni Memorial, ya AAA tatu, ina mikwaruzo kila mahali. Mkanda ulikuwa umelegea. Fundi cherehani akanishonea lastiki ya sketi kwa shilingi 1,500. Ni ya pinki, na wagumu wenzangu hawajaacha kuisema.