Faili la siku saba ulilipie daraja gani?

Vijana ninaofanya nao kazi hawachoki kuniuliza: "Kaka, kwa nini tusiziweke hizi ripoti kwenye daraja la hifadhi lenye bei nafuu?" Ni ripoti za Excel. Mteja anaitoa leo, anaipakua, wiki ikiisha haina kazi tena. Nami huwajibu: kabla ya bei ya gigabaiti, angalia muda wa chini wa kulipia, yaani siku utakazolipia hata ukilifuta faili mapema.

Chukua S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, kwa bei za kawaida za kituo chake cha Virginia, Marekani. Standard, daraja la kawaida, ni senti 2.3 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi. Ukifuta siku ya saba, unalipia siku saba. Standard-IA, daraja la mafaili yasiyosomwa mara kwa mara, ni senti 1.25, lakini ufute usifute, siku 30 utazilipia. Kwa GB 100 za wiki moja, Standard inakula kama senti 54. Standard-IA, dola 1.25. Na hapo mteja hajapakua kitu, maana IA inadai senti 1 nyingine kwa kila gigabaiti inayosomwa. Faili likisomwa mara moja tu, IA haikupi nafuu mpaka mwezi ukaribie kwisha. Halafu faili lililo chini ya KB 128 linahesabiwa kuwa KB 128, na ripoti zetu nyingi hazifiki hata KB 20.

Google na Azure ya Microsoft nao wana masharti ya aina hii kwenye madaraja yao nafuu: Nearline ya Google siku 30, Coldline yake 90, Cool ya Azure 30.

Deep Archive, daraja la S3 la kumbukumbu za muda mrefu, ni kama mwenye nyumba wa Dar: kodi ya miezi sita, siku 180. Ila kodi yenyewe ni ndogo mno, kiasi kwamba miezi yote sita inalingana na siku nane hivi za Standard. Kwa hiyo bekapu ya GB 40 inayokaa wiki mbili bila kuguswa itakugharimu senti 24 badala ya 43. Iwe faili moja kubwa, lakini, si vipande elfu kumi, kwa sababu ada ya kuandika hutozwa kwa kila faili, na humo ni mara kumi ya Standard. Na kulirudisha kwa njia ya kawaida huchukua muda wa hadi saa 12, ndiyo maana bekapu ya jana mimi huiacha Standard.

Ripoti zote ziweke chini ya kiambishi kimoja (mwanzo wa jina la faili), tuseme `muda/`, kisha weka kanuni ya lifecycle, ambayo S3 huitekeleza yenyewe, izifute baada ya siku 7. Ufutaji huo haulipiwi. S3 husogeza muda hadi usiku wa manane unaofuata wa UTC (saa ya kimataifa), yaani saa tisa usiku kwetu, basi usishangae faili kupitiliza kidogo.

Kama baketi (chombo cha S3 chenye mafaili yako) ina versioning, yaani inatunza matoleo ya zamani, kanuni hiyo peke yake haitoshi: faili linafichwa tu, toleo la zamani linaendelea kulipiwa. Ongeza `NoncurrentVersionExpiration` ya siku 1, inayofuta matoleo ya zamani. Weka pia `AbortIncompleteMultipartUpload`, inayofuta upakiaji usiokamilika, kwa sababu vipande vya faili lililokatikia njiani wakati wa kupakia huvioni kwenye orodha ya kawaida, ila kwenye bili vimo.