Bunduki ya Kuwinda Lubumbashi: Jinsi ya Kuikagua, Kuimiliki na Kuibeba Kihalali

Mkazi wa Lubumbashi anayetaka bunduki ya kuwinda aanzie kwenye hati kabla hajatoa hata faranga moja. Silaha za raia katika Kongo ziko chini ya amri yenye nguvu ya sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji wenyewe una sheria yake, nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Kwa hiyo kibali cha silaha hakimruhusu mtu kuua hata digidigi mmoja, na kibali cha kuwinda nacho hakihalalishi bunduki isiyo na hati. Silaha ya kivita, kwa mfano Kalashnikov, haimhusu raia kabisa, hata kama muuzaji anaapa kwamba karatasi zake "zinatengenezeka".

Kabla ya kuikagua, hakikisha kwamba haina risasi: elekeza mdomo wa mtutu mahali pasipo na mtu, ifungue, kisha utazame chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Baada ya hapo chungulia ndani ya mtutu. Ukiona mifuo inayozunguka kama uzi wa parafujo, hiyo ni bunduki ya kupiga risasi moja moja kwa mbali, na kaliba yake hutajwa kwa milimita au kwa sehemu za inchi. Mtutu ukiwa laini, basi ni ya marisaa, yaani chembe nyingi ndogo za risasi, na huku kwetu aghalabu ni ya kaliba 12; nambari hiyo si milimita, kwani upana wa tundu lake ni takriban milimita 18.5.

Alama zilizochongwa kwenye chuma ndizo zinazostahili subira kubwa kuliko yote. Bunduki nyingi kuukuu za mitutu miwili zilitoka Ubelgiji, na zile zilizojaribiwa uimara katika mji wa Liège zina alama ya umbo la yai yenye herufi ELG na nyota chini yake. Ng'oa mitutu, uigeuze, usome upande wa chini karibu na chemba: hapo huandikwa kaliba, na mara nyingi urefu wa chemba. Chemba ikiwa ya milimita 65, usitie risasi ya milimita 70, kwa sababu hata ikiingia bila taabu, ganda lake hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda kupita kiasi. Kisha linganisha nambari ya mitutu na ile ya mwili wa bunduki. Nambari zisipolingana, huenda vipande vimetoka kwenye bunduki mbili. Nambari iliyosuguliwa kwa tupa ni sababu tosha ya kuondoka bila kujadili bei. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, mkataba wa kudhibiti silaha ndogo ambao Kongo ilitia sahihi, inataka kila silaha iwe na jina la mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa na nambari yake, na ile iliyoingizwa nchini iwekewe pia alama ya nchi na mwaka wa kuingia.

Kinachowaponza wengi, kwa maoni yangu, ni bunduki ya urithi. Baba akifariki, bunduki hubaki nyuma ya kabati pamoja na kibali chenye jina la marehemu, na watoto hudhani kwamba mambo yamekamilika. Kibali kile hakikurithiwa. Ipelekeni taarifa kwa mamlaka mapema, mkiwa na cheti cha kifo na nakala ya kibali.

Njiani kuelekea Kasenga au Likasi, ibebe ikiwa tupu, imefunguliwa na kutiwa ndani ya mfuko wake, risasi zikiwa kando, na hati halisi zikiwa mkononi. Askari akikusimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, mwambie kwanza kwamba una bunduki, kabla hajaiona mwenyewe. Ukifika Kasumbalesa, kibali cha Kongo huishia mpakani: upande wa pili bunduki hiyo inahitaji idhini ya Zambia, nayo huombwa kabla ya safari.