Jinsi ya kupiga picha za nebula: anza na treka, darubini itafuata

Watu wengi wakitaka kuanza kupiga picha za nebula swali la kwanza huwa ni ninunue darubini gani, na jibu langu kila siku ni lile lile, achana na darubini kwanza, anza na treka, yaani mtambo unaoizungusha kamera kufuata nyota. Nebula ni mawingu ya gesi na vumbi huko angani, na nyingi wala sio ndogo, ni hafifu, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nebula ya Orion, ile M42 iliyopo karibu na mkanda wa Jabari, yaani kundinyota la Orion, inachukua zaidi ya digrii moja ya anga, yaani upana wa miezi mipevu miwili ukiipanga ubavu kwa ubavu, na galaksi ya Andromeda inakaribia digrii tatu, hiyo ni kama miezi sita. Kwa macho huoni huo ukubwa kwa sababu mwanga wake ni mdogo mno, kwa hiyo kukuza hakukusaidii sana, unachotakiwa ni kukusanya mwanga kwa muda mrefu huku kamera ikiwa imetulia juu ya nyota zile zile.

Na hivo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Henry Draper alipopiga picha ya kwanza kabisa ya nebula, tarehe 30 Septemba 1880, na ilikuwa hiyo hiyo ya Orion, aliacha mwanga uingie kwa dakika 51 huku mtambo ukiizungusha darubini kufuata nyota. Sensa za sikuhizi, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ni nyepesi kuhisi mwanga kuliko sahani yake ya picha mara nyingi sana lakini kazi haijabadilika, muda na ufuatiliaji.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Kamera yoyote inayobadilisha lenzi na kutoa faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, inatosha, hata ile ya zamani. Lenzi ya milimita 135 au 200 ni nzuri sana kuanzia, tena kama inafunguka mpaka f/2.8 umebarikiwa, manake f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Alafu stendi ya miguu mitatu iliyo nzito, rimoti ya kupiga picha yenyewe kwa kuhesabu muda, betri za ziada, na mkanda wa joto wa kufunga kwenye lenzi ili umande usikae kwenye kioo. Huo mkanda wengi wanaupuuza, ila umande ukishaingia usiku umeisha.

Kifaa cha muhimu kuliko vyote ni treka, ule mtambo mdogo unaokaa juu ya stendi na kuizungusha kamera taratibu kufuata anga. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua treka nzuri, usinunue lenzi nzuri. Lenzi ya kawaida juu ya treka inayofuata sawasawa itakupa nebula, lenzi ya bei mbaya juu ya treka inayoyumba itakupa mistari.

Huna treka? Bado unaweza kuanza. Weka lenzi ya milimita 50, gawanya 500 kwa hiyo 50 unapata sekunde 10, huo ndio muda wa juu kabla nyota hazijaanza kurefuka kwa kamera ya sensa kubwa. Kwa sensa ndogo gawanya tena kwa 1.5 unabaki na sekunde 6 na kitu. Piga fremu mia kadhaa za M42 hivo hivo, zirundike, yaani ziunganishe kwenye kompyuta ziwe picha moja, na utaiona rangi yake.

Hatua ya 2: Chagua shabaha na usiku

Desemba mpaka Machi jioni ni zamu ya M42, Juni mpaka Septemba unaenda kwenye Mshale, yaani Sagittarius, kule kuna nebula ya Lagoon ambayo ni M8 na jirani yake Trifid, M20, zinaingia fremu moja kabisa kwa lenzi ya 200. Walio kusini au karibu na ikweta wana zawadi nyingine, nebula ya Carina, NGC 3372, kubwa kuliko M42 na inang'aa vizuri tu, ila aliye kaskazini sana haimtokei kabisa juu ya upeo. Vitu kama nebula ya Ring, M57, viache kwa sasa, hiyo kweli ni ndogo na kwenye lenzi ya 135 itakuwa kinukta.

Pakua Stellarium, programu ya ramani ya anga, ni ya bure, iambie ukubwa wa sensa yako na urefu wa lenzi itakuchorea boksi linaloonyesha picha itakavyokaa. Fanya hivo mchana, sio ukiwa gizani unatafuta.

Usiku wenyewe uwe wa mwezi mwandamo au mwezi uliokwisha kuzama, na uende mbali na taa za mji kadiri unavyoweza. Saa moja chini ya anga jeusi ina faida kuliko masaa mengi mjini. Kama huwezi kutoka mjini kuna filta zinazopitisha mistari miwili tu ya mwanga, ule mwekundu wa haidrojeni kwenye nanomita 656 na ule wa oksijeni karibu na nanomita 501, zinafanya maajabu kwenye nebula zinazowaka zenyewe kama M42 na Lagoon. Kwa galaksi na kwa Kilimia hazikusaidii, manake vile vinatoa mwanga wa nyota wa rangi zote na filta itautupa karibu wote.

Hatua ya 3: Elekeza treka kwenye ncha ya anga

Hapa usiharakishe, ndipo picha inapopatikana au kupotea. Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, kwa hiyo anga linasogea digrii moja kila dakika nne, inaonekana polepole lakini kwenye lenzi ya 200 nyota inahama kutoka pikseli moja kwenda nyingine ndani ya kama robo sekunde. Treka inaufuta huo mwendo ikiwa tu mhimili wake umeelekea pale pale mhimili wa dunia unapoelekea.

Kwanza sawazisha stendi. Alafu weka pembe ya treka iwe sawa na latitudo ya mahali ulipo, na uigeuze kaskazini ya kweli kama upo kaskazini mwa ikweta au kusini ya kweli kama upo kusini. Dira ya simu inaelekeza kwenye sumaku, na tofauti yake na kaskazini ya kweli inaweza kuwa digrii kadhaa kulingana na mahali, kwa hiyo angalia kama app yako inarekebisha. Walio kaskazini wana nyota ya Polaris, ipo chini ya digrii moja kutoka kwenye ncha, ile sehemu ambayo anga lote linaonekana kuizunguka, wanaitafuta kwenye kidarubini cha treka wanamaliza. Walio kusini wana nyota ya Sigma Octantis, hafifu mno, inahitaji subira na anga safi.

Ukiwa karibu na ikweta mambo yanabadilika, ncha ya anga ipo chini kwenye upeo, nyuma ya miti na ukungu, hakuna nyota ya kukusaidia. Tena kabla ya kununua treka hakikisha pembe yake inashuka mpaka latitudo yako, zipo ambazo haziendi chini kiasi hicho, na zenye fimbo ya uzito fimbo inaweza kugonga mguu wa stendi. Njia inayofanya kazi hapo ni ya kuangalia nyota inavyoteleza, na ikishakukaa mkononi utaipenda:

Elekeza kamera kwenye nyota iliyo juu kabisa, karibu na mstari wa kaskazini-kusini na karibu na ikweta ya anga, ule mstari wa angani unaopita juu ya ikweta ya dunia. Iache treka ifuate dakika tano huku unatazama kwenye skrini ukiwa umekuza. Usijali ikisogea mashariki au magharibi, angalia tu kama inateleza kwenda kaskazini au kusini. Ikiteleza, geuza treka kidogo kushoto au kulia, rudia, na kama imezidi kuteleza basi geuza upande wa pili. Ikishatulia hamia kwenye nyota iliyo chini upande wa mashariki au magharibi, fanya yale yale lakini safari hii unarekebisha pembe ya juu na chini. Rudi kwenye nyota ya kwanza uhakikishe. Mara ya kwanza itakula muda, ndio, ila kila dakika hapa inalipwa baadaye.

Wenye laptop wana njia fupi, programu ya bure ya N.I.N.A. ina kiongezo kinachopiga picha tatu za sehemu tofauti za anga, kinazitambua nyota na kukuambia umekosea kiasi gani na ugeuze wapi, wala haihitaji kuiona ncha.

Hatua ya 4: Fokasi

Zima fokasi ya otomatiki, zima na kile kituliza mtikisiko cha lenzi. Tafuta nyota inayong'aa, kuza kwenye skrini mara kumi, zungusha pete taratibu mpaka nyota iwe ndogo kabisa. Alama ya infiniti iliyochorwa kwenye lenzi usiiamini. Kuna kifuniko chenye mistari kinaitwa Bahtinov, ukikiweka mbele ya lenzi nyota inatoa miale mitatu, mwale wa kati ukikaa katikati ya ile miwili umemaliza, ni kitu rahisi na kinaondoa kubahatisha. Bandika pete kwa gundi ya karatasi isiteleze, na ukague tena kila saa manake joto likishuka fokasi inahama.

Hatua ya 5: Mipangilio na kupiga

RAW, ISO 800 au 1600, lenzi ifunge hatua moja ili nyota za pembeni ziwe nzuri, rangi iwe ya mchana badala ya otomatiki, na zima ile huduma ya kamera ya kupunguza chengachenga, vile vidoa vidogo vinavyochafua picha za gizani, kwa eksposha ndefu kwa sababu inakula nusu ya usiku wako.

Piga fremu ya majaribio ya sekunde 60 uangalie histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Mlima wake unatakiwa uwe umeachana na ukuta wa kushoto, kama robo au theluthi ya njia. Umebanana na ukuta, ongeza muda. Umepita katikati, punguza. Kuza pembeni na katikati, nyota zikiwa duara endelea, zikiwa ndefu rudi hatua ya 3.

Alafu piga nyingi. Chengachenga inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu, kwa hiyo ukiwa na fremu 4 inabaki nusu, ukiwa na 16 inabaki robo, na ndio maana masaa mawili ya fremu za dakika moja moja yanaonyesha vumbi ambalo fremu moja haiwezi kulionyesha hata ufanyeje kwenye kompyuta. Kila fremu kumi sogeza kamera kidogo sana, pikseli chache tu, ili kasoro za sensa zisirundikane sehemu moja.

Kwa M42 ongeza seti ya fremu za sekunde 5 mpaka 10. Katikati yake kuna nyota changa za Trapezium, zinang'aa sana zinaunguza picha, utazihitaji hizo fremu fupi mwishoni.

Hatua ya 6: Fremu za kusahihisha

Kabla hujafungasha, funika lenzi na upige 20 au 30 za giza kwa muda na ISO zile zile, joto likiwa bado lile lile la usiku. Kisha za haraka kabisa lenzi ikiwa bado imefunikwa, idadi hiyo hiyo. Mwisho za mwanga sawa, funika lenzi kwa kitambaa cheupe kisicho na mikunjo ukaelekeza anga la alfajiri, histogramu ikae katikati, usiguse fokasi wala kuizungusha kamera. Hizi za mwisho ndizo zinazoondoa giza la pembeni na madoa ya vumbi kwenye sensa, na ukiziruka utahangaika nazo siku nzima kwenye kompyuta.

Hatua ya 7: Kurundika

Siril ni programu ya kurundika, ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Tengeneza folda nne, zipe majina lights (picha zenyewe za nebula), darks (zile za giza), flats (za mwanga sawa) na biases (za haraka kabisa) kama yalivyo, weka kila faili mahali pake, kisha endesha skripti yake ya kamera za rangi. Itasahihisha, itapanga nyota juu ya nyota, itarundika. Nenda kapumzike.

Hatua ya 8: Kuvuta mwanga

Kuvuta ni kuuongeza mwanga wa sehemu hafifu mpaka zionekane. Matokeo ya kurundika yatakuwa meusi karibu yote na ndivyo yanavyotakiwa kuwa, data ipo imejificha chini kabisa. Kata kingo, ondoa mteremko wa mwanga wa nyuma, yaani anga kung'aa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa kuweka vinukta sehemu zisizo na nebula au tumia programu ya GraXpert ambayo nayo ni ya bure, kisha sahihisha rangi kwa kutumia nyota zenyewe, Siril inazitambua na kujua rangi zake za kweli. Mpangilio huo usiubadilishe, mteremko kisha rangi, vyote kabla ya kuvuta.

Ndo sasa vuta, kidogo kidogo mara kadhaa, usivute kwa mpigo. Anga la nyuma liache kijivu cha kiza, ukilifanya jeusi tii umetupa vumbi lote hafifu ulilokaa nalo usiku kucha. Rangi ya kijani ikitawala iondoe. Nebula nyingi za haidrojeni ni nyekundu, na kamera isiyofanyiwa marekebisho inazuia sehemu kubwa ya wekundu huo, kwa hiyo yako ikiwa ya waridi mpauko usilazimishe wekundu mpaka picha ipasuke, ongeza tu masaa.

Kwa M42 rundika zile fremu fupi peke yake, ziweke juu ya picha ndefu kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na ufiche kila kitu isipokuwa kile kitovu, kwa brashi laini, mpaka Trapezium itoke nyota nne zilizoachana. Na zile RAW usizifute, usiku mwingine ukipata anga safi unapiga shabaha ile ile kwa lenzi ile ile na fremu za kusahihisha za usiku huo, unazirundika pamoja na za leo.