Wiki ya mechi ya watani: ninavyoiandaa timu ya wanawake ya chuo

Nilikuwa mwaka wa tatu, pointi gadi wa timu ya kikapu ya chuo, yaani yule anayeleta mpira mbele na kuongoza mashambulizi. Zilibaki sekunde kama 40 na tulikuwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya chuo cha jirani. Kocha alisimama pembeni akaita mchezo, yaani mpango wa kushambulia, tulioufanyia mazoezi wiki nzima. Nilimwona anafungua mdomo, sauti haikunifikia. Nikaita kile nilichodhani ameita. Wenzangu wawili wakanifuata, wawili wakacheza mchezo mwingine, nami nikatoa pasi mahali pasipo na mtu. Mpira ukatoka nje, na mechi ikaishia hapo.

Leo mimi ndiye ninayesimama pale pembeni, na kila mechi ya watani inapokaribia ninakumbuka ule mdomo uliofunguka bila sauti. Makocha wengi wapya huamini mechi hii inawapa wachezaji nguvu za ziada. Nilivyoona mimi, inawanyang'anya. Kelele inachukua masikio, moyo kwenda mbio unachukua pumzi, na subira inaondoka kwa sababu anayekukaba mlicheza timu moja sekondari na anajua kabisa kinachokuudhi. Kwa hiyo wiki hii kazi yangu ni kuwaachia mambo machache ambayo watayafanya hata wakiwa hawasikii na wamechoka.

Punguza michezo, tumia mikono

Siku saba kabla ya mechi natoa karatasi yenye michezo yetu yote ya kushambulia. Huwa ni kumi na kitu. Nakata mpaka ibaki mitano: miwili ya kuvunja ulinzi wa mtu kwa mtu, mmoja wa kuvunja zoni, yaani ulinzi ambao kila mtu analinda eneo lake, mmoja wa kuingiza mpira chini ya kikapu, na mmoja wa kuuingiza kutoka pembeni. Kipimo changu ni mchezaji wa mwisho kwenye benchi. Kama yeye hawezi kuucheza bila kuuliza, mchezo huo unatoka, hata kama ndio ninaoupenda kuliko yote.

Kisha kila mchezo unapata ishara ya mkono: ngumi juu, kiganja kichwani, mkono begani, na kadhalika. Epuka ishara za vidole vinavyokaribiana. Uwanja una urefu wa mita 28, na kutoka upande wa pili vidole vitatu na vinne ni kitu kimoja. Baada ya hapo, wiki nzima, popote ninapokutana na mchezaji, iwe korido ya bweni au mlango wa maktaba, namwonyesha ngumi, naye aniambie anasimama wapi kabla hajanipita. Kufikia siku ya tatu wanaanza kuulizana wenyewe, na hapo ndipo ninapojua imeingia.

Waulize wachezaji wako

Video za watani ninazo na ninaziangalia, lakini watani wa karibu wana jambo ambalo timu ya mbali haina: wachezaji wako wanawafahamu. Wamekua pamoja, wamekabana kwenye viwanja vya mtaani, wengine ni marafiki. Jumatatu nawaketisha chini na kuuliza swali moja kwa kila mpinzani: akichoka anafanya nini? Majibu yanakuja ambayo video haikunionyesha. Huyu akichoka anaacha kurudi kukaba. Yule akichoka anaenda kulia tu. Yule mrefu wao akigombwa na kocha wake anaharakisha mtupo unaofuata.

Ninaandika mambo mawili kwa kila mpinzani, yasizidi. Mkono anaoutegemea, na mahali anapopenda kupokea mpira. Ukimpa mchezaji mambo sita, uwanjani atakumbuka la sita tu.

Katika kikao hichohicho huwa anapatikana wa mwaka wa kwanza anayeuliza kwa nini hii mechi inawanyima watu usingizi kuliko nyingine. Namwambia kwamba mechi ya kwanza kabisa ya kikapu kati ya vyuo viwili kwa upande wa wanawake ilikuwa ya majirani: vyuo vikuu vya Stanford na California, mjini San Francisco, Marekani, tarehe 4 Aprili 1896. Walicheza tisa kila upande, wanaume hawakuruhusiwa kutazama, na Stanford ilishinda 2 kwa 1. Basi urithi huu ni wetu tangu mwanzo. Wasichana wananyamaza kidogo wakisikia hayo, halafu tunarudi kwenye kazi.

Fanya mazoezi ndani ya kelele

Jumanne na Jumatano spika zinawekwa kando ya uwanja, na naomba wanafunzi wenye sauti waje washangilie upande wa pili. Waje na ngoma kama wanazo. Kwa dakika 20 mimi sisemi neno. Mawasiliano ni ya macho, mikono na kugusana: ukiona skrini inakuja, yaani mpinzani anakuja kusimama njiani ili mlinzi akwame, unamgusa mwenzako kiunoni upande inapotokea. Mpira ukiwa umesimama, watano wanakutana, wanashikana mabega, na nahodha anasema sentensi moja. Ndani ya mduara ule mdogo sauti inasikika hata ukumbi ukiwa unatetemeka. Mara ya kwanza utaona fujo tupu. Usisimamishe zoezi.

Mitupo huru, ile mnayopewa baada ya faulo, ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya mechi ambapo mchezaji yuko peke yake na kelele yote ni yake. Mstari uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, na hauhami. Kutupa mia mfululizo mkiwa mmepumzika hakusaidii sana, kwa sababu mechi haikupi mia. Inakupa miwili, tena umetoka kukimbia. Kwa hiyo wangu wanakimbia kwenda na kurudi mara mbili, wanatupa miwili, wanakimbia tena. Akikosa wote wawili, timu nzima inakimbia pamoja naye, yeye akiwa katikati, na hakuna anayemlaumu.

Kulikuwa na mchezaji wangu mmoja, mkono wake mzuri kuliko wote mazoezini, lakini mbele ya watu alikuwa akikosa kwa kutupa mfupi. Nilisimama chini ya kikapu nikamtazama macho badala ya mikono. Kumbe alikuwa anawaangalia watu waliokaa nyuma ya ubao. Macho yalikuwa yanarukaruka mpaka sekunde ya mwisho, kisha anatupa kwa haraka. Tukakubaliana aangalie kitu kimoja: ile kulabu ya katikati nyuma ya ringi, inayoshikilia wavu. Anadunda mara tatu, anatoa pumzi yote nje, macho kwenye kulabu, anakunja magoti, anatupa. Tulirudia utaratibu huo bila mpira, tukiwa tumesimama ukutani, mpaka ukawa kama kufunga kamba za viatu. Robo ya nne siku ya mechi alitupa minne, ikaingia minne. Nilimwona midomo ikihesabu: moja, mbili, tatu.

Faulo za dakika tano za kwanza

Damu ikichemka, mikono inakuwa mizito. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, faulo tano zinakutoa mchezoni, na timu ikishafanya nne katika robo moja, kila faulo ya ulinzi inayofuata inawapa wapinzani mitupo huru miwili. Timu iliyoingia na mori inaweza kumaliza zile nne kabla robo haijafika nusu, kisha inakaba kwa woga. (Kama mnacheza kwa sheria za vyuo vya Marekani, hesabu zenu ziangalieni upya. Hata saa ya kutupa, yaani muda ambao timu yenye mpira lazima iwe imetupa, kwao ni sekunde 30, si 24.)

Alhamisi nampa filimbi msaidizi na kumwomba apige vibaya kwa makusudi. Anaita faulo ambayo haipo, anaacha iliyo wazi. Mimi siangalii mpira, naangalia nyuso. Nani anainua mikono kulalamika? Nani anamfuata mwamuzi? Huyo ndiye nitakayezungumza naye faragha kabla ya mechi. Kanuni yetu ni kwamba nahodha peke yake anaongea na refa, kwa upole, mpira ukiwa umesimama. Wengine wakiwa na neno wanampelekea yeye. Utasikia wadogo wakisema, "Dada, mwambie yule namba saba ananivuta jezi," naye anajibu, "Nimeona, rudi ukabe." Neno hilo moja, nimeona, linapoza mtu kuliko hotuba yangu.

Mchezaji akipata faulo mbili robo ya kwanza, anakaa benchi mpaka robo ya pili. Tunakubaliana hivyo mapema, mbele ya wote, ili siku ile asione kama adhabu.

Magoti, hedhi na usingizi

Hapa naomba kocha mwenzangu unisikilize vizuri, hasa kama umetoka kufundisha wanaume. Wachezaji wa kike wanakatika kano ya msalaba iliyo katikati ya goti (ACL) mara nyingi zaidi kuliko wa kiume, na mara nyingi hakuna aliyewagusa: ni kutua vibaya baada ya kuruka, au kugeuka ghafla mguu ukiwa umeganda chini. Kwa hiyo kila kupasha mwili, msimu mzima na wiki hii pia, kuna kuruka na kutua polepole kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yakitazama mbele sambamba na vidole. Goti linaloangukia ndani ndilo ninalolitafuta. Nikiliona, namsimamisha, anarudia. Wanalalamika kwamba inachosha. Waache walalamike, warudie.

Siku mbili za mwisho punguza kukimbia. Siku moja kabla ya mechi tuko uwanjani chini ya saa moja: ishara, mitupo, kuingiza mpira, basi. Woga wa kocha ndio humfanya aongeze mazoezi siku hiyo, na miguu ndiyo inayolipa.

Hedhi tunaizungumza waziwazi. Timu iliyotajwa kwanza kwenye ratiba, yaani wenyeji, huvaa jezi za rangi nyepesi, kwa kawaida nyeupe, na nimewahi kumwona mchezaji akikaba nusu nzima akiwa hachuchumai ipasavyo kwa sababu ya hofu ya bukta nyeupe. Alikuwa hajamwambia mtu. Tangu siku ile mfuko wangu una taulo za kike, bukta mbili za akiba za saizi tofauti, na taiti za ndani za rangi moja kwa timu nzima, kwa kuwa kanuni hazitaki kila mtu avae rangi yake. Mfuko unakaa chooni cha chumba cha kubadilishia nguo, si mikononi mwangu, ili asiwepo wa kuomba.

Simu nazo. Wiki hii watani watachokozana mtandaoni. Siwakatazi simu, nawaomba wasijibu, na usiku wa mwisho zinalala kwa nahodha kuanzia saa tatu. Wengi hunishukuru asubuhi.

Siku yenyewe

Tunafika saa moja na nusu kabla. Kila mchezaji anatupa kwenye ringi zote mbili, anagusa sakafu ya pembeni kuona kama inateleza, na anatafuta saa ya kutupa iko wapi kutoka mahali anapochezea. Chakula alishakula saa tatu kabla, kile alichokizoea. Mchezo wetu wa kwanza wa kushambulia unajulikana tangu jana, ili mpira wa kwanza usiwe wa kufikiria.

Taimauti, yale mapumziko mafupi anayoomba kocha, zitunze. Kwa FIBA una mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, na kati ya hizo tatu haziwezi kutumika zaidi ya mbili katika dakika mbili za mwisho. Moja ya nusu ya kwanza naihifadhi kwa wakati ambao watani wamefunga mfululizo na ukumbi umesimama. Siisubiri pengo liwe kubwa. Nikiona tu wachezaji wangu wameacha kutazamana, naita.

Ni dakika moja. Kwanza wanakaa, wanakunywa maji, na mimi sisemi kitu mpaka nihesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano. Kisha napiga goti mbele yao, karibu kiasi cha kuona jasho la kope zao, na kusema jambo moja la ulinzi na kuonyesha ishara moja ya mashambulizi. Halafu namgeukia nahodha, naye anarudia nilichosema kwa maneno yake. Akikosea narekebisha palepale. Akipatia, mikono inapanda juu ya mikono, na wanarudi uwanjani.